Utafiti kwenye maelezo binafsi ya kuombea udaktari Marekani, niandike vipi?

Mtoto_wa_Moshi: Wadau mambo, naomba udaktari Marekani kupitia AMCAS (ule mfumo wa mtandaoni wa kuombea vyuo vya udaktari huko), maelezo binafsi mwisho herufi 5,300 hadi nafasi zinahesabiwa, sasa utafiti wa malaria niliofanya huku Moshi ushakula nusu nzima, mbinu zote za maabara nimemwaga humo. Nipunguze?

DadaSakina: Punguza mdogo wangu! Mambo ya PCR (kile kipimo cha vinasaba cha maabara) peleka kwenye sehemu ya shughuli ya fomu hiyohiyo ya maombi, unaruhusiwa kuweka hadi 15. Huku kwenye maelezo onyesha watu uliokutana nao, we si ulikuwa unawatoboa watoto vidole kupata damu, mzazi akigoma kusaini fomu ya ridhaa ulikuwa unamwambiaje? Hiyo ndo tamu.

NgarenaroBoy: Na usijifanye ndo uliongoza utafiti, kwenye intavyuu watakubana mpaka ulowe jasho. Kama ulikuwa unaingiza data, sema data.

Mtoto_wa_Moshi: Shukrani dada, kuna bibi mmoja alinigomea kweli, ngoja nimwandike yeye.