Karafuu na Iliki: paka wawili wasioachana, niwaache kwa nani?

BintiKibokoni
Assalaam alaykum wapenzi wa paka. Nina paka wawili, Karafuu dume na Iliki jike, ndugu wa tumbo moja, wana miaka sita. Niliwaokota kwenye ngazi za nyumba yetu hapa Mji wa Kale, Mombasa, hata macho hawajafumbua vizuri. Iliki anaona kwa jicho moja tu. La pili liliharibika kwa mafua ya paka alipokuwa mdogo, na tangu hapo yeye hufuata mkia wa nduguye. Karafuu akipelekwa kwa daktari, Iliki hukaa mlangoni akilia hadi arudi. Karafuu amehasiwa, Iliki amefungwa kizazi.

Mume wangu amepata kazi Hamburg, twasafiri mwisho wa Julai, yaani wiki tano kutoka leo. Shangazi yangu ana shamba Kilifi na yuko tayari kuwachukua wote. Rafiki yangu wa Nyali anamtaka Karafuu peke yake, na jirani yake angemchukua Iliki. Kuna pia vituo vya kulea wanyama. Halafu yuko Bi mkubwa wa ghorofa ya chini, ambaye huwapa vichwa vya samaki kila asubuhi. Anawapenda, ila anaogopa gharama. Kuwatia kwenye gunia na kuwamwaga soko la samaki, kama wafanyavyo wengine, hilo siliwezi. Nishaurini.

Wa_Chumbageni
Waalaykum salaam dada. Nyali ondoa kabisa. Mwaka juzi hapa Tanga niligawa paka wawili waliolelewa pamoja, mmoja kwa dada yangu, mmoja nikabaki naye. Wangu aliacha kula. Nilidhani ni huzuni ya siku moja, nikasubiri. Daktari akanieleza kwamba paka asipokula siku mbili tatu, ini huanza kujaa mafuta, hasa akiwa mnene, na anaweza kufa hivyo hivyo. Tulimlisha kwa bomba la sindano wiki nzima. Alipona, lakini sitarudia.

MamaTausi
Pole ndugu yangu. Mimi nilitenganisha wawili na wote wakaendelea vizuri. Si kila paka wanaokaa nyumba moja wamefungamana. Wengine huvumiliana tu: kila mmoja ana kona yake, wakikutana kwenye sahani wanazomeana. Swali ni je, hawa wanalambana? Wanalala wamegusana hata siku za joto?

BintiKibokoni
Mama Tausi, hata Machi, joto la Mombasa unalijua, wanalala kichwa cha huyu tumboni mwa yule.

MamaTausi
Basi hao wameshikana mwanangu, usiwagawe. Na huyo wa jicho moja anamtumia nduguye kama fimbo yake.

Kuhusu vituo, nimewahi kujitolea kwenye kimoja, sitasema kipi. Watu wale wana moyo, lakini wageni wanaokuja wanataka kitoto cha miezi miwili, na wanataka kimoja. Paka wawili wakubwa hungoja muda mrefu, kwenye kelele na harufu za wenzao kadhaa. KSPCA, chama cha kuwalinda na kuwatunza wanyama, wapo Karen kule Nairobi, lakini kutoka Mombasa ni kama kilomita 480 barabarani, na bado utakuwa unaomba nafasi. Kituo kiwe cha mwisho. Ukilazimika, wapigie kwanza, waambie kwa maandishi kwamba wawili hawa watoke pamoja au wasitoke.

MzeeWaJomvu
Binti yangu, shamba si baya, ila watu wengi humpeleka paka shamba kama gunia la nazi. Mimi nilimpeleka wangu Kaloleni, nikafungua kikapu uwanjani nikijua atafurahi. Aliruka, akaingia migombani, hatukumwona tena. Kosa langu mimi.

Paka huishika nyumba kwa harufu. Ukiwapeleka Kilifi, wafungie chumba kimoja chenye dirisha la wavu, wiki mbili au tatu. Nenda na mchanga wao uliokwisha tumika kidogo, na kanga yako usiyoifua. Muulize shangazi: ana mbwa wangapi, na je, anatega sumu ya panya? Paka akila panya aliyekula sumu naye huumia. Kwa huyo wa jicho moja ningeogopa.

Msaidizi_wa_Kliniki
Dada, naona hakuna aliyegusa njia ya tano: kwenda nao. Nafanya kazi kliniki ya mifugo, karatasi hizi tunazishughulikia. Kenya haimo kwenye orodha ya nchi ambazo Umoja wa Ulaya umezilegezea masharti. Kwa hiyo ni chipu kwanza, kile kidude cha utambulisho kinachotiwa chini ya ngozi, kisha chanjo ya kichaa cha mbwa. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi. Baada ya siku 30 damu hutolewa na kupelekwa maabara iliyoidhinishwa na Umoja huo, na kinga lazima ifike 0.5 IU (kizio cha kimataifa) kwa mililita. Kuanzia siku ya kutoa damu, unangoja miezi mitatu.

Kwa hiyo Julai haiwezekani. Lakini ukianza wiki hii, damu itatolewa kabla hujapanda ndege, na mwishoni mwa Oktoba watakuwa tayari. Chanjo zikirudiwa kwa wakati, kipimo hicho hakirudiwi.

Angalia hapa: mnyama asafiri ndani ya siku tano kabla au baada ya safari yako mwenyewe. Ukitumiwa na jamaa miezi baadaye, anahesabiwa mzigo wa biashara, na masharti hubadilika. Utarudi nyumbani lini?

BintiKibokoni
Desemba, inshallah, kwa arusi ya mdogo wangu!

Msaidizi_wa_Kliniki
Basi huhitaji mtu wa kuwachukua milele. Unahitaji wa kuwatunza miezi mitano.

MzeeWaJomvu
Na huyo ni Bi wa chini. Ngazi zile zile, harufu ile ile, hata kikapu hakitahitajika. Gharama mtumie wewe kwa M-Pesa kila mwezi, na kliniki waambie bili ni yako.

BintiKibokoni
Nimetoka kwake sasa hivi. Nilipomwambia ni hadi Desemba na pesa ya chakula nitatuma, alinishika mkono akanyamaza kitambo. Kumbe alikuwa akiogopa kwamba wakiugua atalaumiwa. Tumekubaliana waanze kulala kwake usiku mmoja mmoja kuanzia kesho, mimi nikiwa bado juu. Chipu ni Jumatatu.

Shangazi wa Kilifi nimemwomba awe akiba, endapo Bi atalazimika kusafiri. Ana mbwa wawili, na sumu ya panya ameahidi kuiacha.

MamaTausi
Jumatatu wapeleke wote siku moja, kwenye kasha moja kama wanaenea. Iliki asibaki mlangoni.