Tupeane uzoefu: Mliowahi kuongoza chama cha wakuza mianzi kwa kujitolea, yapi yaliwakuta?

Wakuu, heshima kwenu.

Nina miezi mitano kwenye uenyekiti wa chama chetu cha wakuza mianzi cha kanda. Kampeni sikufanya. Siku ya mkutano mkuu nilitoka nje kupokea simu, niliporudi nikakuta napigiwa makofi. Mshahara hakuna, posho hakuna, ila simu za saa nne usiku zipo: "Mwenyekiti, mwanzi wangu unageuka njano." Nikiuliza ulimwagiwa maji lini, kimya.

Waliotangulia, mlikutana na yapi na mlitokaje? Nadharia za uongozi tumeshasoma, leteni yaliyowapata.

KATIBU MSTAAFU
Pole na hongera, mkuu. Langu ni la maua.

Chama chetu kilianza na kichaka kimoja. Kila mwanachama mpya alichimbiwa kipande chenye mizizi, akaenda kupanda kwake. Tulijivunia. Hakuna aliyewaza kwamba vichaka vyote vile ni mmea mmoja uliogawanywa, na umri wao unahesabika pamoja. Kuna mianzi hukaa miongo mingi bila kuchanua; Phyllostachys bambusoides hutajwa kwa mzunguko wa miaka 120 hivi. Wakati ukifika, ya asili moja huchanua karibu kwa pamoja popote ilipo, na mara nyingi hufa baada ya hapo.

Ya kwetu ilianza kwa mtu mmoja, akatuma picha kwa furaha. Msimu uliofuata wakawa kumi. Majani yalipopukutika, mimi niliyegawa miche nikawa mchawi. Mmoja alisimama mkutanoni akasema nilimpa mmea mgonjwa makusudi. Nikamwambia hata wangu umekufa. Akajibu: "Si unaona? Ugonjwa upo."

Aliyetuokoa ni mama mmoja ambaye, sisi tukibishana, yeye alikuwa anaokota mbegu. Alizisia upesi, maana mbegu za mianzi kwa kawaida hazitunziki muda mrefu. Kitalu cha chama leo ni miche ile. Tangu hapo hautoki mche bila kuandikwa umetoka kichaka gani na umekwenda kwa nani.

MWEKA HAZINA
Kifupi: daftari la fedha na ufunguo wa kitalu visikae kwa mtu mmoja. Nilikuwa navyo vyote. Ikakosekana miche minane, sikulala wiki mbili. Kumbe mwenyekiti aliihamishia kivulini nyuma ya tenki la maji, akasahau kusema.

MRATIBU WA KAZI ZA SHAMBANI
Siku ya kupunguza mashina walijiandikisha 31, tukafika wanne, na mmoja ni mume wangu niliyemleta kwa vitisho.

Na hao wanne tukaharibu. Mwanzi hutoka ardhini na unene wake wote, na urefu huumaliza ndani ya miezi michache. Kwa hiyo shina la mwaka huu na la miaka mitano huwezi kuyatenga kwa kuangalia ukubwa. Tukakata ya kijani yanayong'aa kwa kuwa yalipendeza, kumbe ndiyo machanga. Uzio tuliojenga kwayo ulisinyaa, ukabunguliwa, mwaka haukuisha. Mazee tuliyoyaacha yakaendelea kusonga kichaka.

Siku hizi kila shina jipya tunaliandika mwaka kwa rangi, tunavuna yaliyotimiza miaka mitatu hadi mitano. Na siandiki tena "wote mnakaribishwa". Napiga simu mtu mmoja mmoja: wewe njoo na msumeno. Mwenye msumeno hakosi, anajua asipofika wenzake watakaa bure.

MWENYEKITI WA ZAMANI
Nyie bado hamjaitwa na jirani wa mwanachama. Kwenye mauzo yetu ya mwaka tuliuza Phyllostachys aurea, mnunuzi hakuambiwa kwamba inatambaa. Baada ya miaka mitatu machipukizi yakatokeza katikati ya bustani ya jirani yake. Jirani hakumtafuta mwenye mwanzi, alinitafuta mimi niliyesaini risiti. Jumamosi tatu nikawa mtu wa sururu: tumechimba mtaro, tumekata mizizi inayotambaa, tumezika plastiki ngumu kina cha sentimita 75, ukingo tukauacha juu kidogo ya udongo ili mzizi ukitaka kuruka uonekane na ukatwe.

Yule jirani sasa ni mwanachama. Tunamdai ada.

MLETA MADA
Nimecheka, kisha nikaenda kuangalia kichaka chetu. Katibu, hayo maua yakianza yanafananaje? Kuna tawi moja lina vitu kama masuke ya nyasi. Sijakituma kwenye kundi.

KATIBU MSTAAFU
Usitume kwanza. Piga picha kwa karibu, unirushie mimi. Halafu niambie: daftari la ugawaji mnalo?