Kununua mtoto wa mbwa kwa mfugaji

Swali: Wadau, mfugaji mmoja wa hapa Nairobi ananiuzia mtoto wa German Shepherd wa wiki 5, lakini anataka nimlipe fedha zote kabla sijamwona mama yake. Je, nikubali?

Jibu: Usikubali, ndugu yangu. Mtoto huachishwa mama akiwa na wiki 8 hivi, kwa kuwa ni katika michezo na wenzake anapojifunza kutong'ata kwa nguvu. Na anayekuficha mama, mara nyingi ana jambo.

Jibu: Dai kadi ya chanjo yenye muhuri wa daktari wa mifugo. Chanjo ya parvo (ugonjwa hatari wa virusi unaowaharisha na kuwatapisha mbwa) hurudiwa hadi wiki ya 16. Ukimwona mtoto ana tumbo lililovimba na mbavu zilizojitokeza, shuku minyoo.

Muulizaji: Ahsanteni. Nitamwomba nimwone mama kwanza. Akikataa, nitatafuta kwingine.