Dolutegravir, vidonge vya kalsiamu na mazoezi: vipangwe vipi?

Tulia24: Wakuu, naomba ufafanuzi. Mtu anameza ARV zenye dolutegravir saa 2 usiku, virusi vimefubaa vizuri, ila tangu aanze dawa uzito unapanda na tumbo linatokeza. Sasa ameongeza vidonge vya kalsiamu na vya madini ya chuma. Vinaingiliana na dawa? Na mazoezi aanze na yapi?

Mshumaa: Vinaingiliana, tena wengi hawaambiwi. Kalsiamu, chuma, zinki, magnesiamu na aluminiamu hunatana na dolutegravir tumboni, na kikishanatana hakipenyi vizuri kwenye utumbo. Mtu kameza kwa wakati, lakini kwenye damu dawa ni pungufu. Ikiendelea hivyo, virusi vinapata nafasi ya kujenga usugu.

ARV zitangulie kwa masaa 2, au zifuate masaa 6 baada ya kidonge cha madini. Kwa anayemeza saa 2 usiku, mwisho wa kalsiamu ni saa 8 mchana. Kalsiamu au chuma vinaweza kumezwa pamoja na ARV iwapo vyote vinaenda na mlo. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu hazina ruhusa hiyo, hata ukiwa umeshiba. Chuma na kalsiamu navyo vitenganishwe, maana kalsiamu hupunguza ufyonzwaji wa chuma.

Kifundo: Kuhusu uzito, asiruke dozi hata moja kwa kuogopa kunenepa! Ile kauli ya “dawa kali, kula sana” ndiyo inayoponza watu. Asiye na dalili huhitaji nishati kama asilimia 10 tu zaidi ya kawaida. Asilimia 20 hadi 30 ni za anayeugua au anayepona. Apunguze vinywaji vya sukari kwanza, nusu ya sahani iwe mboga. Kiuno apime kati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga, akishatoa pumzi.

Mazoezi: kutembea haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki, kwa mwendo wa kuweza kuongea lakini si kuimba. Siku 2 aongeze ya nguvu: kuchuchumaa na kuinuka, pushapu za ukutani, kunyanyua uzito, mara 8 hadi 12, awamu 2 au 3. Haya asiyaache, kwani tenofovir disoproxil, ARV ambayo mara nyingi huwa kwenye kidonge kimoja na dolutegravir, hupunguza uzito wa mifupa, na mfupa huimarika ukibebeshwa mzigo. Akiwa na homa au anaharisha, apumzike.

Daftari: Nyongeza kuhusu vipimo. Siku 2 kabla ya kupima figo na ini asinyanyue vyuma vizito, kwa sababu misuli iliyochoka hupandisha majibu. Dolutegravir yenyewe huinua kidogo kreatinini (taka ya misuli inayopimwa kwenye damu kuangalia figo) bila kudhuru figo, na unga wa kreatini wa kujenga misuli huongeza juu yake. Mtoa huduma asiyejua hayo anaweza kumbadilishia dawa bure. Na kama anatumia metformin (dawa ya kisukari), amjulishe pia: ikiwa pamoja na dolutegravir, kwa kawaida dozi haizidi miligramu 1000 kwa siku.