Chanjo ya shurua ya mwaka na nusu, tupeane uzoefu

Mama wa Fuoni: Assalamu alaykum. Wangu katimia miezi 18, kwenye kadi imebaki shurua ya pili. Ya miezi 9 alipata ikapita salama. Wifi yangu yuko hapa anasema hii ya pili kumtesa mtoto bure, mie roho haitaki kumsikiliza. Wenzangu nyinyi ilikuaje?

Bi Kizimkazi: Wangu alilia kidogo akanyamaza. Homa ikaja baada ya wiki na kitu, vipele viwili vitatu, vikaondoka wenyewe.

Mchuma Karafuu: Nimeona shurua nimeshindwa kupita. Kwetu Konde, Pemba, zamani hiyo, dozi ya pili haijaletwa bado maana imeanza 2014. Msimu wa karafuu, watoto wote wanashinda mkekani pamoja. Mdogo wangu miaka miwili kaanza mafua, kikohozi, macho mekundu, tukasema vumbi la karafuu. Mara vipele nyuma ya masikio vikashuka usoni mpaka kifuani. Bibi akafunga madirisha, akamuogesha muarobaini, akasema shurua haipigwi sindano, ukiipiga inarudi ndani. Usiku mtoto anahema mbio, mbavu zinaingia ndani, hali hanywi, analia machozi hayatoki. Ami akagombana na bibi pale pale uani, akamfunga mtoto kwenye kanga, tukadandia gari ya karafuu mpaka spitali Wete. Nimonia. Katiwa oksijeni, kapewa vitamini A kwa ajili ya macho. Kapona alhamdulillah, lakini jicho la kushoto lina kovu jeupe, halioni mpaka leo. Na ya miezi 9 alipigwa, kadi ninayo!

Bi Kizimkazi: Ya Rabbi.

Kijana wa Mkoani: Usiwaseme vibaya wazee bwana, huo muarobaini ndio uliotulea sote.

Mchuma Karafuu: Nani kawasema vibaya? Bibi namuombea dua kila Ijumaa. Nnalolisema jicho.

Kijana wa Mkoani: Basi kama kapigwa na kaumwa, chanjo yenyewe ya nini?

Nesi wa Ng'ambo: Mwanangu tulia nikwambie. Katika watoto 100 wanaopigwa miezi 9, kama 15 hivi haiwashiki, mara nyengine kwa sababu kinga waliyotoka nayo kwa mama bado imo mwilini inaizuia. Ya miezi 18 ndiyo inawadaka hao. Shurua inabaki hewani chumbani hata kwa muda wa saa 2 baada ya mgonjwa kutoka, ndio maana watoto wanaoshinda mkeka mmoja wanaambukizana.

Mama wa Fuoni: Ahsante bibi. Ila juzi nilikwenda kituoni nikaambiwa watoto wachache, rudi siku nyengine. Nimetoka na jua lile, nauli imekwenda, nimeumia sana.

Nesi wa Ng'ambo: Una haki ya kuumia. Chupa moja ni ya watoto kadhaa, ikishachanganywa ndani ya saa 6 iliyobaki inamwagwa, basi wanaogopa kuifungua. Lakini mama kesha kufika mlangoni, mimi ningeifungua. Waulize siku yao ya chanjo, nenda asubuhi.

Bi Kizimkazi: Chukueni majirani muende kundi zima, hawatakurudisheni!

Niko Mbali: Mie niko Uingereza, huku wangu kapigwa tena dondakoo, pepopunda, kifaduro na polio alipofika miaka 3 na miezi 4, kabla ya skuli.

Nesi wa Ng'ambo: Kwa sababu kinga ya zile chanjo za magonjwa hayo, anazopigwa mtoto wa wiki 6, 10 na 14, inapungua akikua.

Kijana wa Mkoani: Haya, wa dada yangu keshapita miaka mitatu, ya pili hana. Bado watampa?

Nesi wa Ng'ambo: Mpelekeni.

Kijana wa Mkoani: Na kadi imepotea.

Nesi wa Ng'ambo: Nendeni hivyo hivyo, muwaeleze. Hata ikitokea karudiwa, haimdhuru.

Kijana wa Mkoani: Namtumia dada sasa hivi.