Mwanangu anamuonea haya bibi yake kwa Kipemba. Nifanyeje?

BintiKonde:
Asalaam aleikum wanajamvi. Mama yangu kaja kutoka Konde wiki iliyopita kutazamwa macho, yupo kwangu Mwanakwerekwe. Juzi mtoto wangu wa darasa la nne karudi skuli na wenzake watatu. Bibi kakaa mkekani anachagua mchele, akamtazama mjukuu wake akamuuliza: "Kuna njaa?" Kwetu Pemba hapo unaulizwa kama una njaa, hiyo "ku" ndiyo "u" ya huku. Mmoja wao akadakia: "Nchi gani bibi?" Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Na wangu akacheka nao. Usiku akanivuta pembeni: "Mama, mwambie bibi asizungumze wakija wenzangu."

Nyumba yetu ndogo, bibi alisikia. Tangu siku ile anapima kila neno. "Ntoto" imekuwa "mtoto", na anaitamka taratibu kama anayevuka mto juu ya gogo. Ningemgombeza mtoto, lakini mie nilipokuja kusoma Unguja muhula mmoja tu ulinitosha kuitupa "ntu" yangu. Sina uso. Je, ni sisi tu, au kwengine nako watu wanaonea haya usemi wa kwao?

Kijana wa Malindi:
Pole dada. Nakiri, Wapemba nimewacheka sana skuli. Dawa yangu niliipata Kariakoo. Nimetoka zangu Unguja, nataka tungule kilo moja. Muuzaji: "Ndiyo nini?" Nikaonyesha kwa kidole. "Aaa, nyanya! Sema nyanya." Nikaogopa hata kutaja mbatata. Mwezi mzima jina langu pale lilikuwa Yakhe. Na Kiswahili sanifu msingi wake ni Kiunguja cha mjini, kilichochaguliwa kwenye mkutano wa Mombasa mwaka 1928! Yaani wamechukua kanzu yetu, wakaifua, wakaipiga pasi, wakaturudishia inatubana kwapani.

Mvita:
Huo mwaka 1928 usiutaje mbele ya wazee wetu. Mkutano kwetu, Kimvita chetu kina tenzi kabatini, ushindi ukapanda jahazi kwenda Unguja. Sisi njoo twasema "ndoo". Mwambie mgeni "ndoo hapa" uone anavyotafuta maji.

Mama wa watatu:
Mie nitasema msiyotaka kusikia. Mtihani hausahihishwi kwa Kipemba. Mtoto akiandika "kavyaliwa" badala ya "amezaliwa" anakatwa alama, na bibi hatakuwepo kumtetea.

Mpemba wa Bergen:
Dada BintiKonde, mie wa Wete, nipo Norwei. Huku hakuna matamshi rasmi. Mbunge wa kaskazini anasimama bungeni na usemi wa kwao, na msoma hali ya hewa kwenye televisheni hivyo hivyo. Nilijifunza lugha yao kitabuni, nikaambiwa "mimi" ni *jeg*. Siku ya kwanza kazini mmoja akasema *eg*, mwengine *æ*, nikadhani wananifanyia mzaha. Kuandika nako kuna namna mbili rasmi, Bokmål na Nynorsk, zilizopewa hadhi sawa mwaka 1885. Mwaka 1878 bunge lao lilishapitisha kwamba mtoto afundishwe, kadiri inavyowezekana, kwa usemi wake mwenyewe. Msidhani ni peponi. Sisi wageni lafudhi zetu wanazisikia vizuri sana kwenye simu tukitafuta nyumba ya kupanga.

Mama wa watatu, mtoto wa huku anaandika mtihani kwa maandishi rasmi na anamsemesha bibi yake kwa cha kwao. Hachanganyikiwi.

BintiKonde:
Nawashukuruni. Mama wa watatu, una haki kwenye mtihani, lakini mama yangu hakuja kufanya mtihani, kaja macho.

Jana nimewasomea wote wawili hiyo ya tungule. Bibi kacheka mpaka kavua miwani. Mtoto akauliza, "Kwani sisi tungule si tungule?" Nikamwambia kule ni nyanya. Akanyamaza kidogo, kisha akamgeukia bibi: "Na nyie kwenu mti mnasemaje?"

"Nti."

"Na mtu?"

"Ntu. Na weye, kuna njaa au huna?"

Akasema anayo. Wale wenzake hawajarudi tena, kwa hiyo bado sijui.