Kutafuta namba ya muamala ndani ya logi za .gz bila kuzifungua

Fundi_wa_zamu
Wakuu, naomba msaada, maana jambo hili linaniuma. Mteja alilalamika kwamba malipo yake ya miezi mitano iliyopita hayakuingia. Nikaenda kwenye folda ya logi (faili za rekodi za mfumo), nikaandika `grep 'TX-80417' *`, yaani amri ya kutafuta maneno ndani ya faili, kimya. Nikamjibu kwamba muamala huo kwetu haupo. Juzi kaleta risiti, na namba ni hiyo hiyo. Ndipo nikatambua kuwa logi zikishapita siku saba zinabanwa kuwa .gz. Usiku nikajaribu kuzifungua zote kwa `gunzip *.gz`, diski ikajaa, hifadhidata ikasimama. Ziko kama 400, na chache ni .tar.gz (faili nyingi zilizofungwa pamoja kisha zikabanwa). Nitazitafutaje bila kuzimwaga kwenye diski? Sitaki kumjibu mtu huyu vibaya mara ya pili.

Bi_Terminali
Pole sana. Tuanze na kile kimya. Gzip haiweki maneno yako kama yalivyo. Kipande kinachojirudia hakiandikwi tena, inaandikwa tu "rudi nyuma baiti kadhaa, unakili herufi kadhaa". Halafu kinachotokea sana kinapewa biti chache, kinachotokea mara moja moja biti nyingi. Kwa hiyo TX-80417 haimo kwenye faili kwa sura hiyo unayoijua, na grep haiwezi kuiona hata ikisoma kila baiti.

Tumia hii:

`zgrep -F 'TX-80417' *`

zgrep ni skripti tu. Inafungua faili kwa gzip, inapitisha maandishi kwa bomba hadi kwa grep, na hakuna kinachoandikwa kwenye diski. Faili ambayo haijabanwa nayo inasomwa, hivyo nyota moja inatosha kwa za zamani na za leo. Hiyo `-F` inaiambia itafute herufi hizo hizo, isizichukue kama ruwaza.

Ila haikubali `-r` (ya kutafuta hadi folda za ndani). Kama una folda ndani ya folda:

`find . -name '*.gz' -exec zgrep -HF 'TX-80417' {} +`

Na nakuomba sana, kabla hujamwambia mtu "haipo", tafuta kwanza kitu unachojua kipo kwenye logi za kipindi hicho. Kikikosekana nacho, tatizo liko kwenye utafutaji wako. Pia pitisha `gzip -t *.gz`, itakutajia faili zilizoharibika au kukatika.

kisanduku7
Kwenye .tar.gz zgrep haitakufaa sana. Kwake faili zote za ndani ni mkondo mmoja, kwa kawaida itakwambia tu faili ya binari (isiyo maandishi matupu) imelingana, bila kutaja ni faili gani ya ndani. Kwa tar ya GNU:

`tar -xzf logi.tar.gz --to-command='grep -HF --label="$TAR_FILENAME" TX-80417 || true'`

Kila faili ya ndani inapelekwa kwa grep pamoja na jina lake. Usiiache `|| true`: grep isipopata kitu inarudisha 1, na tar inaihesabu kama hitilafu.

mzee_wa_bash
Nyongeza mbili. Kwa faili zilizobanwa kwa njia nyingine: za .xz tumia `xzgrep`, za .bz2 `bzgrep`, za .zst `zstdgrep`. Na angalia toleo la gzip. Kabla ya 1.12 ya mwaka 2022, jina la faili lililotungwa kwa hila liliweza kuifanya zgrep iandike juu ya faili nyingine. Kama majina ya faili yanatoka kwa watu wa nje, sasisha kwanza.

Fundi_wa_zamu
Imepatikana! Risiti ni ya tarehe 14, lakini sisi tuliuandika saa 6 na dakika 2 usiku, kwa hiyo uko kwenye logi ya tarehe 15. Ningefungua ya tarehe 14 peke yake ningeukosa tena. Malipo yalifika kweli, ni sisi hatukuyaingiza kwenye akaunti yake. Asanteni sana, Bi Terminali na wote. Namwandikia sasa hivi, na naanza na kumwomba radhi.